Kadi ya Pili ya Kamera Namba Tatu

Katika picha ya kuhitimu mafunzo yetu ya awali ya upigaji picha wamesimama watu wanane mbele ya ukumbi, hapa Kibaha, kila mmoja na cheti chake kifuani. Darasa letu lilikuwa la watu kumi na mmoja. Watatu tusiomo ni mimi na rafiki zangu wawili, Laurensia na Wema. Masomo yote tulihudhuria, Jumamosi nane, hatukukosa hata moja. Lakini watu walipoambiwa wajipange, sisi tulikuwa tumeshafika Kiluvya ndani ya gari la Wema.

Wengi wameniuliza tulikwenda wapi. Wengine hawakuuliza, wamejijibu wenyewe, na majibu yao yamenifikia: kwamba nilikimbilia Kisarawe kwa ugomvi wa urithi, kwamba nilivuruga shughuli ya watu. Mimi ni mjane wa Seifu Mwinyimadi. Jina hilo sikuliokota njiani, na sitaliacha liburuzwe na watu wasiojua kilichotokea. Kwa hiyo naandika yote, isipokuwa yaliyofanyika chumbani kwa wanawake. Hayo hayamo humu, na ambaye hakuwemo asiyatafute.

Nilizaliwa kijiji cha Janga, mtoto wa mkulima wa mihogo, wa kwanza kwetu kufika kidato cha sita. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na miwili. Marehemu mume wangu alikuwa mpimaji wa ardhi, na nyumba yetu ya Mbwawa, hapa Kibaha, tuliijenga wakati jirani wa karibu bado ni shamba la mikorosho. Kwao ni Kisarawe. Baba yake alisomesha Kurani watoto, kisha akawasomesha watoto wa watoto hao, na mpaka leo ukitaja Mwinyimadi pale mjini, mtu mzima huacha anachofanya akakusikiliza. Siku Seifu aliponipeleka kwao, shangazi mmoja alisema, bila kupunguza sauti, kwamba msichana aliyesoma hivi hatakaa. Aliyenishika mkono akaniingiza ndani ni dada yake, Biubwa.

Seifu alipofariki, Biubwa alifunga kanga zake akahamia kwangu. Alilala kitanda cha pembeni yangu siku zote za eda, miezi minne na siku kumi. Alinichana nywele. Alinilisha uji kwa kijiko siku ambazo mkono wangu haukunyanyuka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniona katika hali ile, na hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake.

Mafunzo ya picha yalikuwa wazo la Laurensia. Ni muuguzi mstaafu, Mhaya, jirani yangu wa miaka mingi, na hajui kunong'ona.

"Shoga, tutakaa kwenye haya makochi mpaka tuote ukungu?" aliniuliza siku moja. "Kuna kijana anafundisha kupiga picha. Twende. Hata tukishindwa, tutakuwa tumeshindwa tukiwa tumevaa vizuri."

Wema, ambaye ni mdogo wetu kwa miaka ishirini na huenda Dar kila siku kazini, alikubali kwa sharti kwamba tusimwite mtoto mbele ya wenzake. Laurensia alimwita mtoto dakika ya kwanza tu.

Mwalimu wetu aliitwa Evance, mtu mpole mwenye subira kuliko mimi nilivyokuwa darasani. Kamera zake zilikuwa na namba, na wasio na zao waliazimwa kwa zamu. Mimi nilipewa namba tatu kwa wiki mbili, wiki zilezile alipotufundisha mwanga unaoingia kwa ubavuni, kutoka dirishani. Alisema mwanga huo huonyesha ngozi ilivyo kweli. Nilimwamini, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikiona mwanga huo kila mahali: kwenye sufuria, kwenye shingo ya Laurensia, kwenye ukuta.

Ikatokea kwamba katika wiki hizo Firdausi, binti mdogo wa Biubwa, alikuwa anaolewa. Alhamisi ilikuwa siku ya singo, siku ambayo wanawake humsugua mwali kwa liwa ya manukato, humpaka hina na kumfunda, na mwanamume yeyote hukaa mbali na nyumba hiyo. Mlangoni pa chumba palikuwa na kapu la ukindu, na kila aliyeingia alitia simu yake humo. Ndivyo desturi ilivyo siku hizi. Ndani ya chumba mitandio huvuliwa, na wake za watu wenye heshima zao hucheza wakiwa wamefunga kanga moja. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu ya lile kapu.

Nilipofika na kamera begani, msichana wa mlangoni aliinuka kuipokea. Biubwa akamzuia.

"Hiyo ya Mwalimu ipite," alisema. "Mwalimu anajua mipaka." Kisha akanigeukia. "Unipigie mikono ya mwanangu na miguu yake, nione hina yake nikiwa nimemkosa. Uso hapana. Na mtu mwingine hapana."

"Nimesikia, wifi," nilisema.

Nilipiga mikono. Nilipiga miguu. Ilikuwa alasiri, pazia la dirisha lilikuwa jepesi, na mwanga uliingia kwa ubavuni kama tulivyofundishwa. Nikainua kamera kuwaelekea wanawake wenyewe. Sauti ya kubofya nilikuwa nimeizima, kwa hiyo katika zile ngoma na vigelegele hakuna aliyejua. Nilijiambia kwamba ni mazoezi, kwamba nitazitazama mara moja na kuzifuta. Sikuomba ruhusa kwa mtu hata mmoja. Nilipiga picha nyingi, na baadhi ya wanawake wale ni wakubwa kwangu.

Nilipofika nyumbani Mbwawa nilizitazama peke yangu, nikaona aibu, nikazifuta zote isipokuwa za mikono na miguu. Nilirudia kuhakikisha mara tatu. Jumatano iliyofuata nilitoa kadi yangu nikairudisha kamera kwa Evance, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Jumamosi ikawa siku ya kuhitimu. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa, na picha zetu bora zilikuwa zinaoneshwa ukutani kwa projekta. Kabla ya vyeti kutolewa, Laurensia alinyoosha mkono na kulalamika mbele ya wote kwamba picha yake nzuri kuliko zote, ya bata wa jirani akivuka barabara, ameifuta kwa bahati mbaya.

"Mama yangu, usilie," Evance alisema akicheka. "Kamera zangu zina matundu mawili ya kadi. Kadi moja ni yenu, ile mnayoitoa. Ya pili iko ndani zaidi, na ninyi huwa siwaambii, kwa sababu nawajua wanafunzi wangu. Kila unapobofya, picha inaandikwa kwenye kadi zote mbili. Ukifuta hapa, kule ipo."

Alifungua kamera ya Laurensia, akatoa kadi, akaichomeka kwenye kompyuta. Bata akatokea ukutani, mkubwa kama ng'ombe. Watu wakapiga makofi. Evance akaendelea kubonyeza, na nyuma ya bata zikafuata picha zote ambazo Laurensia alidhani zimekufa: kidole chake mwenyewe, dari ya jikoni kwake, mguu wa Wema. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka.

Mimi nilikuwa nimeacha kusikia. Nilitazama ule ukuta mweupe, mrefu kuliko mlango, na wanaume watano waliokaa safu ya mbele. Nilisimama. Nadhani nilimkanyaga mtu.

"Mwalimu Evance, kamera namba tatu iko wapi?"

"Namba tatu? Mwenzangu Hemedi ametoka nayo tangu juzi, mama. Ana kazi ya harusi leo, Kisarawe. Kwani na wewe umepoteza bata?"

Watu wakacheka tena. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nikiwa nje, nimeshika ukuta, na Laurensia amenishika kiwiko akitafuta mapigo ya mkono wangu kwa vidole viwili, kiuuguzi.

"Una presha au una siri?" aliniuliza.

Kwa kawaida mambo ya nyumba yangu hayatoki. Siku hiyo nilimwambia. Wema alikuwa amenifuata nyuma, akasikia yote. Alitoa funguo za gari kwenye mkoba. Kutoka ndani tuliwasikia wakianza kuita majina.

Njiani Laurensia alijaribu kunipa moyo kwa namna yake. "Mimi nimezalisha wanawake mpaka nikasahau idadi. Mwili ni mwili. Ameona, hakuona, atasahau."

"Wewe uliwaona kwa sababu walikuja kwako," nilimjibu. "Hawa hawakwenda kwa Hemedi."

Mimi nilikuwa nikimwona akilini Hemedi, ambaye sikuwa nimewahi kukutana naye, akiwa ameinamia kioo kidogo cha nyuma ya kamera na vichwa vya wanaume wengine vimemzunguka. Nilijua hata ingetosha picha moja. Picha moja ikiingia kwenye simu moja, mpaka swala ya adhuhuri ingekuwa imefika barazani kwa mume wa Biubwa, ambaye huswalisha msikiti wa mtaani. Na mtu angeuliza: nani aliingiza kamera? Jibu lingekuwa jina langu, na pamoja na jina langu, la Seifu.

Shughuli tuliipata kwa kufuata muziki. Turubai lilikuwa limefungwa katika mtaa wa pili tu kutoka kwa Biubwa, nikajua kwamba robo ya watu waliokaa pale wananifahamu. Hemedi alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, kamera namba tatu shingoni. Aliposhuka, vijana watatu walimsogelea, akawaonesha kitu kwenye kile kioo. Wakacheka.

Hapo ndipo nilipokimbia. Nina miaka sitini na miwili, na nilikimbia katikati ya viti vya watu, nikaangusha sinia la vitumbua. Wanaosema nilivuruga shughuli, kwa hilo wana haki.

"Shikamoo mama," Hemedi alisema, ameshtuka.

"Marahaba. Unawaonesha nini hao?"

"Wenyewe tu, mama. Wanataka kujiona walivyotoka."

Nilitazama. Walikuwa wenyewe, wamevaa miwani ya jua, wamekunja midomo. Nilimwomba tusogee pembeni, nyuma ya tangi la maji, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeazimwa hiyo kamera kabla yake na nataka kadi ya ndani.

Hakuniuliza ya nini. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa kadi iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi.

"Ilijaa jana nikiwa kazini," alisema, "nikaweka nyingine. Nilitaka kumrudishia Evance Jumatatu."

"Uliifungua?"

"Nilifungua nijue ni ya nani."

"Ukaona nini?"

Aliangalia viatu vyake. Ni mtu mzima, ana ndevu, lakini aliangalia chini kama mwanafunzi.

"Nilifungua moja, mama. Nikaona ni mmoja wa mama zangu wa mtaa huu. Nikazima. Wallahi sikufungua ya pili, na mtu mwingine hakuigusa."

Nilimwamini. Nilishukuru, nikarudi garini nimeifumbata kadi kiganjani mpaka kona zake zikanichoma. Wema alikuwa hajazima injini.

"Imekwisha," alisema. "Twende nyumbani, Mama Mwalimu. Tuipitishe kwenye moto, basi."

"Na huyo kijana?" Laurensia aliuliza.

"Hatasema," nilimjibu.

Ni kweli, ningeweza kwenda nyumbani. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikaipima hiyo njia. Jina lingebaki kama lilivyo. Lakini Hemedi ni mtu wa mtaa ule. Atakutana na mama huyo sokoni, atainamisha macho, na mwanamke huyo hatajua kwa nini. Atatembea ameonekana na hajui, na mimi nitakuwa najua. Nililiogopa hilo kuliko nilivyouogopa ule ukuta wa projekta. Nikasema wanipeleke kwa Biubwa.

Tulimkuta uani anatoa kunde kwenye maganda, kanga imeshuka mabegani, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari minne. Laurensia na Wema walibaki nje. Nilimwamkia.

"Marahaba. Mbona umeloa jasho hivyo? Umefukuzwa?"

"Wifi, nimekukosea."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasema." Nikamwambia nimesimama. Nilimwambia kuhusu picha nilizokatazwa, kufuta, kadi ya pili, Hemedi. Sikujitetea kwa mwanga wala kwa mazoezi. Nilipomaliza nikamnyooshea kadi, naye akaipokea akaitazama pande zote mbili. Ni kitu kidogo kama stempu ya barua.

"Tumo sote humu?"

"Wengi wenu."

Aliifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno. Akaendelea kutoa kunde, punje kwa punje, na mimi nikaendelea kusimama.

"Hiyo moja aliyoiona Hemedi," alisema hatimaye, "ni ya nani?"

"Hakusema. Sikumuuliza."

"Hukumuuliza." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa mwenye haki yake tutamjuaje? Au tuwaite wote, tuwatie hofu wote, kwa ajili ya mmoja? Rudi kamuulize."

"Wifi, nirudi mbele ya watu wale?"

"Ulikwenda kwa ajili yako. Sasa nenda kwa ajili yake."

Nilikwenda kwa miguu. Ni mtaa mmoja tu, lakini niliona kila mlango uliokuwa wazi na kila mtu aliyekaa barazani, na nilihesabu moyoni wanawake waliokuwa chumbani siku ile. Niliomba iwe ya mwali, maana yeye ni kijana na angesamehe haraka. Niliomba iwe ya jirani fulani anayependa utani. Kisha nikaona haya kwamba nachagua nani aumie.

Chini ya turubai watu waligeuka kunitazama nilipopita. Hemedi aliniona kutoka mbali, akaja mwenyewe nyuma ya tangi.

"Mama, nimekwambia kweli yote."

"Najua. Nataka kujua ulimwona nani."

Muziki ulikuwa unapiga kwa nguvu, na nilifikiri labda hakunisikia.

"Alinifundisha juzuu amma," alisema. "Nilikaa mbele yake miaka minne. Mama, usinitajishe."

Sikumtajisha. Pale mtaani mwanamke aliyefundisha watoto juzuu amma, zile sura fupi za Kurani, ni mmoja, na nilikuwa nimemwacha uani anatoa kunde.

Sijui nilirudije. Laurensia ananiambia nilipita pembeni ya gari bila kuwaona na kwamba alinisemesha sikujibu. Biubwa alikuwa palepale. Ungo ulikuwa umejaa nusu. Alinisikia nikiingia, hakuinua kichwa.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

Aliendelea kwa ganda moja zaidi. Mimi nilifungua mdomo, na sauti haikutoka. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote na haijawahi kunitokea. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini vidole vyake vilisimama.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe, wifi."

Hakulia wala hakunitukana. Aliweka ungo chini, taratibu, kunde zisimwagike. Kisha akavuta kanga kutoka mabegani akaipandisha kichwani, akafunika nywele, akaizungusha chini ya kidevu na kuchomeka ncha yake, kama anavyofanya anapobisha hodi mwanamume mgeni. Uani tulikuwa sisi wawili tu. Miaka thelathini na mitano tumejuana, tumeoga bafu moja, na hakuwahi kujifunika mbele yangu.

"Waite wenzako ndani wanywe chai," alisema. "Wametoka mbali."

Alitupikia chai yenye tangawizi. Aliongea na Laurensia kuhusu maumivu ya magoti, akamuuliza Wema habari za kazi, akanisogezea kikombe changu kwa mikono miwili kwa adabu yote inayompasa mgeni. Tulipoaga alitusindikiza mpaka kwenye gari.

Nimekwenda kwake mara sita tangu siku hiyo. Hunipokea vizuri kila mara. Hemedi, nasikia, hupita njia nyingine. Hakuna neno lililotoka, na jina la Mwinyimadi liko mahali pake pale mjini, safi. Kila ninapobisha hodi husikia kwanza kimya kidogo nyuma ya mlango, muda wa mtu kuinua kanga kichwani, ndipo anaponiambia karibu.